Kuishi na virusi visivyotoka mwilini, tuongee sisi wa Lamu

Assalam aleikum wenzangu. Naandika hii kwa sababu kila nikikaa barazani au nikishuka gatini lazima nivutwe pembeni na mtu aulize kwa sauti ya chini, "ndugu nimepimwa nimeambiwa nina kirusi cha ini, wewe ulitumia nini kikatoka?" Na mimi jibu langu ni lile lile, hakijatoka, niko nacho, na mwaka huu nimevua kama miaka mingine. Sasa nimeamua niandike yote pamoja, msomaji achukue linalomfaa.

Mimi nina hepataitisi B. Nilijua 2016, dadangu alikuwa amejifungua na damu imemtoka nyingi, tukaitwa ndugu tutoe damu, wenzangu wakatolewa mimi nikaambiwa ngoja kidogo. Baadaye nikaitwa chumbani nikaelezwa damu yangu haiwezi kutumika. Nilikuwa sijawahi kulazwa hata siku moja, na hicho ndo kitu cha kwanza nataka mkielewe, unaweza kukaa na kirusi cha ini miaka thelathini ukabeba magunia na kupiga mbizi na usisikie chochote.

Anayejua chombo cha mbao nitamueleza kwa dakika moja. Hakuna mashua isiyoingiza maji. Hata iwe imeshushwa Matondoni wiki iliyopita, pamba imeshindiliwa kwenye kila mwanya, imepakwa sifa, yale mafuta ya papa, ukiinua mbao za chini utakuta maji ngamani. Hakuna baharia anayelia akiyaona. Kuna mtu na kopo lake, anafua maji, yaani anayachota na kuyamwaga nje, chombo kinakwenda Faza kinarudi. Chombo kitazama siku mfua maji akilala, au akiugua, au akipewa kazi nyingine akasahau ngama. Kinga ya mwili ndo huyo mfua maji na virusi vya kudumu ndo hayo maji. Ukilishika hili, yote nitakayosema chini yatakuwa mepesi.

Na usidhani uko peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana kirusi cha hepesi aina ya kwanza, kile cha malengelenge ya mdomoni. Kirusi cha Epstein-Barr, ambacho wengi tunakipata utotoni bila kujua, kiko kwa zaidi ya watu wazima 90 kati ya kila 100 duniani. Aliyewahi kuugua tetekuwanga, kirusi chake hakijaondoka mpaka leo. Hepataitisi B ya kudumu ilikuwa kwa watu milioni 254 mwaka 2022. Yaani sote tuna maji ngamani, tofauti ni maji gani na ni nani anayafua.

Jua uliye naye ni nani

Virusi hivi havijifichi mahali pamoja, na dawa ya kimoja si dawa ya kingine. Hepesi na tetekuwanga vinalala kwenye mishipa ya fahamu. Epstein-Barr inakaa ndani ya seli B, ambazo zenyewe ni askari wa kinga, hebu fikiria, adui amelala kambini. VVU vinajificha ndani ya seli za CD4 zenye kumbukumbu, nazo pia ni askari wa kinga, ndo maana ARV zinavizima lakini ukiacha vinarudi. Hepataitisi B inaingia kwenye kiini cha seli ya ini na kuacha pale nakala yake ya mviringo, dawa tulizo nazo leo zinazuia kirusi kuzaana lakini ile nakala haziifikii.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima, na kwa ini usikubali kuambiwa "una homa ya ini" tu ukarudi nyumbani. Uliza ni ipi, A, B, au C. Kipimo cha kwanza cha B kinaitwa HBsAg, kinatafuta ganda la kirusi kwenye damu. Kikiwa poziti, kinarudiwa baada ya miezi 6, kikiwa bado kipo ndo unaambiwa ni ya kudumu. Mtu mzima aliyeambukizwa ukubwani mara nyingi kinga inamsafishia mwenyewe, wasiofaulu ni chini ya 5 kati ya 100. Mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa ni kinyume, karibu 90 kati ya 100 wanabaki nacho, manake kinga yake bado changa na inakizoea kama mtu wa nyumbani. Wengi wetu tunaogundulika ukubwani tulikipata utotoni, kwa hiyo kabla hujaanza kumshuku mkeo au mumeo, kumbuka hilo. Nimeona ndoa zikivunjika kwa karatasi ya maabara ambayo haikuelezwa vizuri na inaniuma mpaka leo.

Baada ya hapo kuna kupima wingi wa virusi kwenye damu, kuna ALT ambayo ni kimeng'enya kinachovuja seli za ini zikifa, kuna ultrasaundi ya ini. Na upime VVU siku hiyo hiyo. Dawa ya ini tenofovir ni moja ya dawa za VVU, ukiwa na VVU bila kujua ukapewa tenofovir peke yake, VVU vitajifunza kuishinda na utakuwa umejiharibia dawa nzuri.

Nani anaharibu ini

Hapa nisikilizeni maana ndipo nilipopotea mimi. Kirusi cha hepataitisi B chenyewe hakiui seli ya ini moja kwa moja. Kinaweza kukaa ndani yake miaka. Anayeiua ni kinga yako mwenyewe, askari wake waitwao seli T wakigundua seli ya ini imeingiliwa wanaipiga ife na kirusi chake. Vita hivyo vikienda miaka na miaka, pale seli zilipokufa panaota kovu, makovu yakijaa ini linakakamaa, na hapo saratani haiko mbali. Tena seli T zenyewe zikipigana bila kupumzika zinachoka, zipo lakini hazina nguvu, kama mtu aliyefua maji usiku kucha, mkono unakwenda lakini kopo linatoka nusu.

Sasa mwaka wa pili baada ya kupimwa niliuziwa poda. Sitataja aliyeniuzia. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kijani, harufu ya mdalasini, kijiko kimoja asubuhi kwa maji ya moto, akaniambia inapandisha kinga na baada ya miezi mitatu nitapima nikute negativu. Nilikunywa. Kliniki nikaacha kwenda karibu mwaka, kwa sababu nilijisikia vizuri, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kuvuka Mokowe kwa ajili ya karatasi tu. Niliporudi ALT yangu ilikuwa imepanda zaidi ya mara tano ya kawaida. Daktari aliniuliza swali moja, "hiyo kinga unayoipandisha, unajua ndiyo inayopiga ini lako?" Nilikuwa sijui.

Kwa hiyo mtu akikuambia dawa yake "inapandisha kinga," muulize inapandisha kipi. Kinga ina seli za aina nyingi, nyingine kazi yake ni kuwatuliza wenzake wasizidishe. Ikipanda ovyo ndo unapata magonjwa kama lupasi au baridi yabisi ya viungo, mwili unajila wenyewe. Unachotaka ni kinga iliyo macho na inayojua mipaka. Na hiyo hainunuliwi kwa kopo. Inataka usingizi, chakula, kisukari kidhibitiwe, sigara iachwe, na dawa ya hospitali pale inapohitajika. Ukiwa na shida ya ini basi majani na mizizi ya kuchemsha kaa navyo mbali kabisa, hata ile ambayo bibi alikuwa anakunywa akaishi miaka 90, ini la bibi halikuwa lako.

Dawa ya ini na namna ya kuinywa

Si kila mwenye hepataitisi B anaanzishiwa dawa, inategemea wingi wa virusi, ALT, hali ya ini na kama kuna ugonjwa mwingine. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 imefungua mlango, watu wengi zaidi wanastahili kuliko zamani, kwa hiyo kama uliambiwa miaka ya nyuma "wewe bado," rudi ukaulize tena. Ukianza, ni kidonge kimoja kwa siku. Ukishaanza usiache kwa kichwa chako. Ukiacha ghafla virusi vinafumka, kinga inavirukia vyote kwa mpigo, na ini linaweza kufeli ndani ya wiki chache. Hii si hadithi ya kutishana.

Mwezi wa Ramadhani hauna shida, kidonge ni mara moja, chagua futari au daku ubaki hapo hapo mwezi mzima. Figo zipimwe mara kwa mara manake tenofovir inaweza kuzisumbua. Na ultrasaundi ya kila miezi 6, ukipangiwa, usiipige chenga, hepataitisi B ina tabia ya kuleta saratani hata kwa ini ambalo halijakakamaa, na uvimbe ukionekana ungali mdogo kuna la kufanya.

Kitu ambacho watu hawasemi kabisa ni mahindi. Mahindi na njugu zilizoota ukungu zina sumu ya aflatoksini, ile iliyoua watu 125 kule Ukambani 2004. Aliye na hepataitisi B akila sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka, hatari ya saratani ya ini inazidi mara nyingi, vitu viwili vinasaidiana kumuua. Na hewa yetu ya pwani mnaijua, gunia likikaa chini kwenye sakafu ya chokaa wiki mbili lishakuwa na unyevu. Weka juu ya mbao, anika, punje zenye rangi ya kijani au nyeusi tupa, hata kuku usimpe. Pombe najua wengine wanakunywa kimya kimya, mwenye kirusi cha ini aache. Panadoli usizidishe kipimo.

Nyumbani: cha kugawana na cha kutogawana

Kuleni sahani moja. Kunyweni kikombe kimoja, salimianeni, kumbatianeni, laleni chumba kimoja. Hepataitisi B haipiti kwa biriani. Nilipogundulika nilitengewa sahani na kikombe na mtu wa nyumbani kwetu, kwa nia njema, lakini nilikaa mwezi mzima nikila peke yangu ukumbini na sikumlaumu, nilimwambia tu twende wote kliniki akaelezwe na aliyesoma. Alirudi akakivunja kile kikombe kwa mkono wake.

Kinachopitisha ni damu na ngono na uzazi. Kirusi hiki kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 hata zaidi kwenye damu iliyokauka ambayo jicho halioni. Kwa hiyo wembe wako ni wako, mswaki wako ni wako. Kwa kinyozi nenda na wembe wako au umuone akifungua mpya. Kupiga chuku, yaani kuumikwa damu, ni jambo letu na sitamzuia mtu, lakini vyembe viwe vipya vinavyofunguliwa mbele yako na vitupwe mbele yako, usikubali "nimechemsha." Kutoga masikio ya mtoto mchanga, sindano mpya. Tohara, hospitali.

Kisha chanjo. Watoto wa Kenya wanapewa hepataitisi B ndani ya ile sindano ya pamoja wiki ya 6, ya 10 na ya 14, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo vijana wengi wana kinga ila sisi tuliozaliwa kabla hatukupewa. Watu wazima wa nyumbani wapimwe, wasionayo wachanjwe, dozi 3: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi 6. Mjamzito apimwe mapema. Akiwa nayo, mtoto anatakiwa achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na mama virusi vyake vikiwa vingi anaweza kupewa tenofovir akiwa bado na mimba. Dozi hiyo ya siku ya kwanza iulizie miezi kabla, hospitali unayopanga kujifungulia, usingoje uchungu ukakuta hawana akiba. Kunyonyesha anyonyeshe.

Mkanda wa jeshi

Mamangu mkubwa alianza na kuwashwa ubavuni upande wa kushoto, siku mbili, akidhani ni mdudu wa godoro. Siku ya tatu vikatokea vilengelenge vimepangika kama kamba, vimeanzia mgongoni kwenye uti vikazunguka chini ya titi, na kifuani katikati vikakoma kabisa, upande wa kulia hakuna hata kimoja. Nguo ikigusa analia. Majirani wakasema amerogwa, wengine wakasema mikia ya huo mkanda ikikutana atakufa. Haikutani hivyo, na si uchawi. Ni tetekuwanga yake ya utotoni iliyolala kwenye mzizi wa mshipa mmoja wa fahamu miaka hamsini, kinga ilipopungua kwa umri ikaamka ikafuata njia ya mshipa huo huo mpaka kwenye ngozi. Mshipa unaishia katikati ya mwili ndo maana mkanda unaishia katikati. Marekani wanakadiria mtu 1 kati ya 3 atauona maishani mwake.

La kufanya ni moja, haraka. Dawa ya asaiklovia inafanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke, kwa mtu mzima kawaida ni miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7 ila daktari ndo aandike, hasa kama figo zina shida. Ukichelewa vipele vitapona lakini maumivu yanaweza kubaki miezi, hata miaka. Mamangu mkubwa alipelekwa siku ya sita baada ya kupakwa majivu, na mpaka sasa havai sidiria. Ukiona vipele kipajini, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, usingoje kesho, jicho linaweza kupofuka. Usiende karibu na mjamzito wala mtoto ambao hawajapata tetekuwanga mpaka vikauke, hawatapata mkanda ila watapata tetekuwanga.

Na kijana wa miaka 25 akitokwa na mkanda wa jeshi apime VVU. Simsemi vibaya, nasema mfua maji wake huenda ameanza kuchoka mapema na kuna dawa ya bure ya kumrudishia nguvu. Akinywa ARV vizuri virusi vikashuka mpaka havionekani kwenye kipimo, hamuambukizi mwenzake kwa ngono. Nasema tena kwa sababu bado watu hawaamini, hamuambukizi.

Malengelenge ya mdomoni na watoto wachanga

Sisi tunasema "homa imetokea mdomoni." Waliosema hivyo waliona sawa, kinga ikishughulika na malaria au mafua, hepesi iliyolala kwenye mshipa wa uso inapata nafasi. Jua pia linaiamsha. Wavuvi tunaokaa siku nzima kati ya anga na maji, kofia pana na mafuta ya midomo yenye kuzuia jua si mambo ya wanawake. Ukianza kusikia mdomo unachonyota kabla lengelenge halijatoka, hapo ndo pa kutumia dawa, likishapasuka dawa haina faida kubwa.

Lakini mwenye lengelenge asimbusu mtoto mchanga. Najua furaha ya arubaini, najua kila shangazi anataka kumnusa mtoto. Kinga ya mtoto wa wiki mbili haijui kufua maji, hepesi inaingia mpaka kwenye ubongo. Mama una haki ya kusema hapana, hata kwa mamamkwe, na kama huwezi mwambie mumeo aseme.

Epstein-Barr nitaigusa tu. Ilipatikana 1964 na wanasayansi Epstein, Achong na Barr, kutoka kwenye uvimbe wa watoto wa hapa jirani Uganda, ule ambao daktari Denis Burkitt aliuandika 1958 akiwa Kampala. Wengi tunaipata utotoni bila kujua na haina neno. Penye malaria nyingi ya kurudiarudia, kinga ya mtoto inavurugika na kirusi hicho kinaweza kuleta saratani ya taya. Kwa hiyo chandarua kinazuia zaidi ya homa, na taya la mtoto likivimba upesi, meno yakalegea, usimpeleke kung'olewa jino kwanza, mpeleke hospitali kubwa, inatibika.

Mwambie daktari kabla ya dawa za kushusha kinga

Ukiwa na hepataitisi B, au uliwahi kuwa nayo ikapona, mwambie kila daktari kabla ya kupewa dawa za saratani, dawa za baridi yabisi, au predinisoloni ya muda mrefu. Hata aliyepona ana mabaki kwenye ini, mfua maji akilazwa kwa dawa hizo kirusi kinaamka. Anaweza kupewa tenofovir ya kulinda kabla ya kuanza. Na dada zangu, vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila boksi, vingine huwa ni deksamethasoni, dawa ile ile ya kulaza kinga. Umbo litakuja na mkanda wa jeshi utakuja.

Kwa wanaosafiri baharini, mimi nikienda Kiwayu siku nne nabeba vidonge vya siku nane manake kusi haina ahadi. Navibeba kwenye kopo lake lenye kile kipakti cha kukausha unyevu, nalifunga kwenye mfuko wa plastiki, na halikai kwenye koti wala juani, linakaa ndani ya sanduku la chakula ambalo lazima nilifungue kila jioni.